Kitufe cha Kijani na Skrini Nyeusi

Hotuba hii niliitoa Bukoba, mbele ya wanafunzi wanaojifunza kuandika programu pamoja na walimu wao. Waliozuiwa na mvua waliniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani nimeziondoa.

Walimu wangu, wazazi mliokuja kutusikiliza, wadogo zangu: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kutembea kwenye mvua ya leo kuja kusikiliza habari za vihariri, yaani programu tunazoandikia msimbo.

Kabla sijasema lolote, naomba mikono. Nani hapa anaandika programu zake ndani ya IDE, yaani karakana yenye kihariri, kompaila na zana nyingine mahali pamoja? NetBeans, IntelliJ, Eclipse, Android Studio, inueni nione. Karibu ukumbi mzima. Shusheni. Haya, nani anatumia kihariri kitupu: Vim, nano, Notepad++? Kumi, kumi na mmoja, na wote mmekaa safu moja huko nyuma. Swali la tatu, hili mnijibu kwa ukweli: nani amewahi kumdharau mwenzake kwa sababu ya chombo anachoandikia? Mikono inapanda polepole. Nashukuru kwa ukweli wenu. Dharau hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Maana nimesikia inavyosemwa. Wa Vim anamwambia wa NetBeans kwamba yeye si fundi, anabebwa. Wa NetBeans anamwambia wa Vim kwamba anajitesa bure. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anawasikiliza wote wawili, anachagua upande kama anavyochagua Simba au Yanga, na tangu siku hiyo haitazami tena kazi iliyo mbele yake. Anatazama jezi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipime nao. Kazi yoyote ambayo IDE inakufanyia, ifanye kwa mkono wako mwenyewe walau mara moja. Ukishaifanya na ukaielewa, iachie IDE iifanye, wala usione haya. Nusu ya kwanza ya maneno haya huwaudhi watu wa IDE. Nusu ya pili huwaudhi watu wa Vim. Mimi nazisimamia zote mbili, na kila moja nilijifunza kwa gharama.

Nianze na ile ya kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi na kijana aliyetoka chuoni akiwa na alama nzuri sana. Java, lugha ya kuandikia programu, alikuwa anaijua, tena vizuri. Usiku mmoja mfumo wa mteja wetu ukasimama. Seva, yaani kompyuta iliyokuwa inauendesha mfumo huo, ilikuwa mji mwingine, tukaiingia kwa mbali. Kwenye seva ile hapakuwa na madirisha, hapakuwa na kipanya, palikuwa na skrini nyeusi na kamstari kanakopepesa. Nikamwambia: fungua faili la mipangilio, badilisha namba moja, kisha iwashe programu upya. Kimya. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hapa kitufe cha kuwashia kiko wapi?"

Sikumcheka, na ninyi naomba msimcheke. Kwa miaka mitatu, kila alichokiandika alikiwasha kwa kubofya pembetatu ya kijani. Nani alimwonyesha kilicho nyuma ya ile pembetatu? Nani? Sisi tuliomtangulia tulimkabidhi kitufe bila kumkabidhi maana yake. Lawama ile ilikuwa yetu.

Kwani nyuma ya pembetatu kuna nini? Tuchukue Java hiyohiyo. Umeandika faili linaloitwa Salamu.java. Amri ya kwanza, `javac Salamu.java`, inaamsha kompaila. Kompaila inalisoma faili lako, inalikagua, na likiwa safi inatoa faili jingine, Salamu.class, ambalo ndani yake hamna tena Java unayoisoma wewe bali baitikodi, maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine. Amri ya pili, `java Salamu`, inaamsha mashine pepe, nayo inaichukua ile baitikodi na kuitekeleza. Amri mbili. Pembetatu ya kijani inakupigia amri mbili hizo. Programu ikikua ikatumia maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na watu wengine, lazima uiambie Java maktaba hizo ziko folda gani. IDE inakuandikia orodha hiyo kimyakimya. Ndiyo maana programu inawaka vizuri kwenye laptopu yako, halafu ukiipeleka kwenye seva inalia kwamba klasi, yaani kipande cha programu, haionekani. Haijaharibika njiani. Orodha imebaki nyumbani, ndani ya IDE.

Wiki iliyofuata nilikaa na yule kijana, tukaifunga IDE yake kwa siku tano. Aliandika kwa nano, akakompaili kwa mkono, akazipanga maktaba kwa mkono, akakosea, akarudia. Siku ya tatu alikasirika, akaniambia namrudisha nyuma. Siku ya tano aliniita mwenyewe anionyeshe kosa alilolielewa bila msaada: herufi kubwa kwenye jina la faili, ambayo Windows haikuijali lakini Linux ikaikataa. Siku ya sita akairudia IDE yake, na anaitumia mpaka leo. Lakini seva ikisimama usiku, ndiye anayepigiwa simu.

Siku tano tu. Hamuwezi kuzipata siku tano kati ya miaka mitatu?

Nimewataja watu wa Vim, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hadithi ya kihariri hiki inapita karibu sana na ukumbi huu.

Mzee wake ni kihariri kiitwacho vi. Kiliandikwa mwaka 1976 na Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa anafanya kazi nyumbani kupitia modemu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, kama herufi 30 hivi. Skrini za wakati ule zilikuwa na mistari 24 ya herufi 80. Pigeni hesabu: herufi 1,920, kwa herufi 30 kila sekunde. Kuichora skrini moja nzima ilichukua zaidi ya dakika moja! Mtu anayesubiri dakika nzima hawezi kupoteza neno. Ndiyo maana amri za vi ni fupi kama zilivyo: herufi `x` inafuta herufi, `dd` inafuta mstari, `G` inakupeleka mwisho wa faili. Na kwa nini unatembea kwa h, j, k na l? Kwa sababu kwenye kibodi ya mashine aliyoitumia, ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya vitufe hivyo vinne. Wengi wanadhani ufupi ule ni ukali wa makusudi, wa kuwafukuza wageni. Hapana. Ulikuwa ni ubahili wa mtu mwenye mtandao mbovu.

Na hapa Kagera nani asiyeujua mtandao mbovu? Siku ukiwa Ngara au Biharamulo, umeunganishwa na seva kwa bando la simu, kila herufi inafika kwa kusitasita, utaona jinsi `dd` ilivyo rafiki.

Mwaka 1991 Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alitoa toleo lake lililoboreshwa, akaliita Vim. Mwaka 1994 mtu huyu alikwenda Uganda kujitolea. Alikwenda wapi? Kibaale, wilaya ya Rakai. Ukitoka hapa Bukoba ukashika barabara ya Mutukula, ukivuka mpaka, Rakai haiko mbali. Alifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto ambao wengi wao walifiwa na wazazi kwa UKIMWI.

Sina haja ya kuwaeleza wazazi waliokaa hapa mbele maana ya maneno hayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoa huu, mwaka 1983. Humu ndani wapo watu waliolelewa na bibi zao kwa sababu hiyo.

Moolenaar aliporudi kwao aliamua kwamba Vim itabaki ya bure, ila anayeipenda aombwe kuwachangia watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi, mtu yeyote duniani akifungua Vim bila faili, awe Tokyo, awe São Paulo, alikuwa anakutana na mstari unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Mamilioni ya watu wameusoma mstari ule bila kujua Kibaale iko wapi. Ninyi mnaijua. Moolenaar alifariki Agosti 2023, akiwa na miaka 62, na kihariri chake bado kinatunzwa na wenzake.

Je, nasema muitumie Vim kwa ajili ya shukrani? Sisemi hivyo. Nasema kwamba kihariri hiki, au mzee wake vi, kimo karibu katika kila seva ya Linux utakayoingia maishani, na hakihitaji miaka kukijifunza kwa kiwango cha kukuokoa. Herufi `i` kuanza kuandika. Kitufe cha Esc kuacha kuandika. `:w` kuhifadhi, `:q` kutoka, `u` kutengua ulichokosea, mkwaju wa `/` kutafuta neno, na `dd` mliyokwisha kuisikia. Vitu saba. Mchana mmoja unatosha. Atakayetaka zaidi ya hapo, pale anaingia kwa mapenzi yake.

Sasa nigeukie nusu ya pili, na safu ya nyuma mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa nazungumza nanyi.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwenzenu. Niliandika kila kitu kwa kihariri kitupu, na nilijivunia. Wakati huo nilikuwa natunza programu ya chama kimoja cha ushirika, mkoa mwingine kabisa, iliyopokea hesabu za kahawa na kutoa risiti za malipo. Ndani yake kulikuwa na klasi ya Mzigo, yenye kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kilichoitwa `kiasi`, maana yake kilo. Kulikuwa pia na klasi ya Malipo, nayo ina kigeu kilichoitwa `kiasi`, maana yake shilingi. Jina moja, vitu viwili. Siku moja niliamua kusafisha: kile cha Mzigo kiitwe `kilo`. Nikatumia tafuta-na-badilisha, neno `kiasi` liwe `kilo` kwenye mafaili yote ya Java. Sekunde mbili. Kompaila ikakubali bila neno, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha kila mahali, cha Mzigo na cha Malipo. Umbo la risiti lilikuwa faili jingine, si la Java, folda nyingine. Pale nikarekebisha sehemu ya mzigo kwa mkono nikaridhika. Sehemu ya malipo bado ilikuwa inaiuliza klasi ya Malipo, "nipe `kiasi`", nayo Malipo haikuwa na kitu cha jina hilo tena. Ikijibiwa kimya, ikaandika sifuri.

Siku ya malipo risiti zikatoka. Kilo 84, malipo 0. Kilo 112, malipo 0. Mkulima amesimama dirishani, jasho lake la msimu mzima liko kwenye karatasi, na karatasi inamwambia hakupata kitu. Wapo walioondoka wakiamini wameibiwa. Ilituchukua siku mbili kuwatafuta wote na kuwapa risiti sahihi. Nilizijua nyuso zao, na sijazisahau.

Wadogo zangu, kosa lile halikutokana na kutojua Java. Lilitokana na kumwachia mtafuta herufi kazi ya mtu anayejua maana. Tofauti kubwa ya kihariri kitupu na IDE iko hapo, wala si rangi na madirisha. Kihariri kitupu kinaona herufi: k, i, a, s, i. IDE inausoma msimbo wako kama kompaila inavyousoma. Inajenga mti wa sentensi zake, kisha inaweka daftari la kila jina: limetangazwa wapi, ni la nani, linatumika wapi. Kwake, `kiasi` cha Mzigo na `kiasi` cha Malipo ni watu wawili wenye jina moja, kama Asha wawili darasani. Ningeiagiza ibadilishe jina la yule wa kwanza, yule wa pili isingemgusa. Lile faili la risiti labda isingeliona, nakubali. Lakini shilingi za wakulima zingebaki salama.

Mnataka mfano ulio hai, wa kuufungua kesho? Upo Kenya, Eldoret. OpenMRS ni mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, umeandikwa kwa Java, na ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, kwenye mpango wa tiba ya VVU ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Baadaye umesambaa nchi nyingi. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaupakua. Jaribuni kuufungua kwa kihariri kitupu, kisha mjiulize: klasi ya Patient, yaani mgonjwa, inatumika wapi na wapi? Ukitafuta neno hilo utamwagiwa maelfu ya mistari: maelezo, majina ya mafaili, ujumbe wa makosa, kila kitu chenye herufi hizo. Ufungueni kwa IDE, mweke kishale juu ya jina, muulize swali hilohilo. Mtaonyeshwa kwamba Patient imerithi kutoka Person, kwa sababu mgonjwa kwanza ni mtu. Mtaonyeshwa nani anaiita na nani anaibadilisha. Mfumo wa namna ile haukai kichwani mwa mtu mmoja. Anayeingia humo bila IDE kwa sababu ya fahari anawahatarisha watu wengine, kama nilivyowahatarisha wakulima wangu.

Kuna kitu kingine ndani ya IDE ambacho hata ninyi mnaoitumia, wengi hamkigusi. Dibaga, chombo cha kuisimamisha programu njiani ili uikague. Nani ameitumia wiki hii? Mikono mitatu. Ukumbi mzima una IDE na mikono ni mitatu!

Najua mnavyotafuta makosa. Mnachapisha "nimefika hapa", mstari wa chini "nimefika hapa 2", kisha "hapa 3". Mimi pia nimefanya hivyo, na kwa kosa dogo inatosha. Lakini nilimwona binti mmoja, mwanafunzi, amekaa saa nne akitafuta kwa nini orodha yake inaruka mtu wa mwisho. Alikuwa na mistari ya kuchapisha mingi kuliko programu yenyewe. Nilimwomba aifute yote, abofye pembeni ya mstari mmoja aweke kituo, kidoti chekundu, na awashe kwa dibaga. Programu ikasimama pale. Ikasimama tu, ikamngoja. Vigeu vyote vikaonekana upande mmoja na thamani zake. Akasogea hatua moja, hatua nyingine, na kwenye mzunguko wa mwisho akaona kwa macho yake kwamba alilinganisha kwa "ndogo kuliko" mahali palipotaka "ndogo kuliko au sawa na". Dakika sita. Alinitazama akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

Basi mimi nawaambia. Ukitumia IDE bila dibaga, umebeba uzito wote ukaacha faida iliyo kubwa kuliko zote. Na safu ya nyuma msidhani mmesamehewa: dibaga zipo nje ya IDE pia. Watu wa C mna gdb. Watu wa Python, tangu toleo la 3.7, mnaandika `breakpoint()` katikati ya programu nayo inasimama hapohapo kwenye skrini yenu nyeusi.

Nimesema uzito. Najua wengi mnataka nifike hapo, kwa sababu si kila mtu humu anachagua. Wapo waliochaguliwa na mfuko. Android Studio inataka RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini, na GB 16 ukitaka kuwasha na simu ya kuigiza ndani yake. Mwenye laptopu ya mtumba yenye GB 4 afanyeje? Aache kujifunza kutengeneza programu za simu?

Asiache. Kwanza, simu ya kuigiza usiiguse. Unganisha simu yako halisi kwa waya, programu itawaka humo, na laptopu itapumua. Pili, IDE si lazima iwe wazi ili programu ijengwe. Kazi ya kujenga inafanywa na Gradle, na Gradle inaitika kwa amri moja kwenye terminali, `./gradlew assembleDebug`. Andika kwa kihariri chepesi, jenga kwa amri, sakinisha kwenye simu. Ni polepole, sitawadanganya, na mara ya kwanza Gradle itapakua vitu vingi vya kumaliza bando, kwa hiyo ifanyeni mahali penye Wi-Fi. Lakini inawezekana. Na mnaona? Ni zile siku tano za yule kijana zinazokufungulia njia hii. Anayejua pembetatu pekee, kompyuta ikiwa dhaifu amefungiwa nje.

Tena uzito huu si asili ya IDE. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, iliyotokana na kompaila ya kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg. Kabla yake, mtu wa kompyuta ndogo alifungua kihariri, akaandika, akatoka, akawasha kompaila, pengine kwa kubadilisha diski, akasoma kosa, akatoka, akarudi kwenye kihariri kulitafuta. Turbo Pascal iliviweka vyote pamoja. Ukikosea, inakupeleka kwenye kosa lenyewe. Iliuzwa dola 49.95 wakati kompaila nyingine ziliuzwa mamia ya dola, na programu yote, kihariri na kompaila, haikufika kilobaiti 40. Picha moja mnayotumiana kwenye simu ni kubwa kuliko hiyo. Wanaosema IDE lazima iwe nzito hawajaikuta historia yake.

Mpaka mnaougombania, kati ya IDE na kihariri, nao umeshafifia. Erich Gamma, Mswisi, aliongoza ujenzi wa zana za Java za Eclipse, IDE iliyotolewa na IBM mwaka 2001. Mtu huyohuyo baadaye akaongoza, akiwa Microsoft, ujenzi wa VS Code, iliyotangazwa Aprili 2015. Kitu gani hicho, IDE au kihariri? Inafunguka kama kihariri, unaiongezea plagini, yaani viongezi, unazozihitaji. Mwaka 2016 timu ile ikatoa wazi utaratibu wa mazungumzo kati ya kihariri na ile akili inayoielewa lugha. Zamani lugha 10 na vihariri 10 zilidai viunganishi 100, kila lugha kwa kila kihariri. Kwa utaratibu huu zinadai 20: kila lugha inaandika upande wake mara moja, kila kihariri upande wake mara moja. Ndiyo maana leo mtu wa Vim anaweza kubadilisha jina la kigeu kwa maana yake, kama mtu wa IntelliJ. Kile nilichokikosa mimi kwenye risiti za kahawa, ninyi mnacho ndani ya Vim. Kiwekeni!

Sasa niwaulize walimu wangu, kwa heshima zote. Muhula wa kwanza, tunaweza kumpa mwanafunzi kihariri na kompaila tu? Programu zake ni za mistari 30, zinakaa kichwani, hazihitaji karakana. Muhula wa pili au wa tatu, programu zikianza kuwa na mafaili mengi, tumpe IDE, na siku ya kwanza ya IDE tumfundishe dibaga kabla ya kitu kingine chochote. Nimeona vyuo vinavyoanza na IDE siku ya kwanza kwa sababu maabara imeshasakinishwa hivyo, na mtihani unafanyika kwa karatasi na kalamu. Mwanafunzi anajifunza kwa chombo kimoja, anapimwa kwa kingine, anaajiriwa kwa cha tatu. Hatumtendei haki.

Nimeulizwa hapa, kwa karatasi iliyoletwa kutoka safu ya tatu: "Dada, wewe unatumia nini?" Kazi yangu ya kila siku naifanya IntelliJ, kwa sababu ni Java na ni kubwa. Nikiwa kwenye seva, Vim. Nikiandika hotuba kama hii, kihariri cha kawaida kabisa, bila rangi yoyote. Hakuna kati ya hivyo kinachoniambia mimi ni nani.

Tuinuke sasa. Kwenye meza za nyuma kuna kompyuta kumi na mbili, na kila moja ina programu ileile ya mistari arobaini inayokokotoa malipo ya kahawa. Ina kosa moja, nimelitia kwa makusudi. Kompyuta sita hazina kitu ila nano, Vim na `javac`. Nyingine sita zina IDE yenye dibaga. Safu ya nyuma, ninyi mnaanzia kwenye IDE. Wengine wote kwenye skrini nyeusi. Baada ya nusu saa tutabadilishana viti.